Piritoni Siyo Jibu la Kila Kitu

Wanachuo wenzangu, msimu wa korosho ndio huu, na ziara za mafunzo za kule Mikindani na Msimbati zimeshaanza kupangwa. Nauli imejadiliwa, msosi umejadiliwa, hata spika ya muziki imejadiliwa. Sanduku la huduma ya kwanza? Pamba, spiriti, Panado na Piritoni, basi.

Mimi nasema haitoshi, na sababu ni nyuki.

Majimoto wakikung'ata kwenye mkorosho unaruka, unakung'uta nguo, wenzako wanacheka. Nyuki naye akikuchoma mkononi, ukavimba mkono huohuo, bado siyo noma: toa mwiba haraka, maana kifuko chake kinaendelea kusukuma sumu (kwa kucha au kwa kitambulisho cha chuo, msibishane), osha, weka kitu cha baridi. Nyigu haachi mwiba, usihangaike kuutafuta. Mafuta ya taa na dawa ya meno yabaki yalipo.

Shida ni pale aliyechomwa mguuni anapoanza kuwashwa mwili mzima, midomo inavimba, sauti inakwama, kifua kinabana, anatapika au anaishiwa nguvu. Hiyo ni aleji kali, na inaweza kuua ndani ya dakika chache. Hapo ndipo utasikia mtu anasema, "Mpe Piritoni mbili, alale kidogo." Jamani! Piritoni inapunguza muwasho na vipele. Haifungui koo, wala haipandishi presha iliyoshuka. Dawa yake ni adrenalini, sindano ya msuli wa paja kwa upande wa nje. Mtu mzima nusu miligramu, na hurudiwa baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu. Alazwe chali, miguu juu. Anayehema kwa shida akae. Asisimamishwe wala kutembezwa, na kumbana mshikaki kwenye bodaboda ndiyo namna mbaya kuliko zote ya kumpeleka. Hata akipata nafuu aende hospitali akaangaliwe kwa saa kadhaa, kwani hali hiyo huweza kurudi.

Kwa sisi watu wa pwani, elimu hii ilianzia baharini: mwaka 1901 Charles Richet na Paul Portier walikuwa melini wakichunguza sumu ya viumbe wa bahari. Richet alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Zaidi ya miaka 100 baadaye, sisi bado tuko na Piritoni.

Kuna atakayesema sindano siyo mchezo, atachoma nani? Sawa kabisa. Ndiyo maana basi lisiondoke bila muuguzi, naye awe na adrenalini mkobani. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, siyo dawa ya matajiri. Fomu ya safari nayo iulize nani ana pumu na nani aliwahi kuzidiwa baada ya kuchomwa. Ukiwa Msimbati, Ligula haiko jirani.

Bajeti ya ziara inapitishwa na wawakilishi wetu. Muulize wako kabla hujalipa nauli. Wa kwangu nimeshamuuliza, nasubiri jibu.