Sekunde Tano Hazimtoshi Mwalimu

Muhula uliopita nilimtumia mzazi mmoja alama za darasa zima, hali nilikusudia kumpelekea mwalimu mkuu. Kosa lilikuwa langu: majina yao yanafanana, nami nilikuwa na haraka. Nilipong'amua, siri za watoto wa watu zilikuwa zimekwisha kufika kusikostahili.

Natumia Gmail. Tangu 2015 imetupa rasmi uwezo wa kuirudisha barua-pepe iliyotumwa. Kwa hakika hairudi. Huzuiliwa kidogo mlangoni. Lakini muda uliowekwa tangu awali ni sekunde 5 tu, na katika muda huo sijasoma hata jina la niliyemwandikia! Waweza kuuongeza hadi sekunde 30. Katika tarakilishi, bonyeza alama ya gurudumu lenye meno, juu kulia, ufungue mipangilio yote. Chagua muda, kisha teremka hadi chini kabisa uhifadhi mabadiliko. Hapo chini ndipo wengi wetu tunapoteleza: twafunga ukurasa bila kuhifadhi, kisha twailaumu mashine.

Walimu wenzangu, twawafunza wanafunzi anwani, tarehe na mtajo wa barua rasmi. Mipangilio hii twamwachia nani? Naomba ifunzwe katika kipindi hichohicho, kabla mwanafunzi hajatuma ombi lake la kwanza la kazi.