Kompyuta Nzima Haizikwi kwa Tangazo

Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kutoa bure masahihisho ya usalama ya Windows 10, programu endeshi iliyotolewa Julai 29, 2015. Siku ya pili yake kompyuta ziliwaka kama kawaida. Barua zilipigwa chapa na hesabu zilijumlishwa. Hapana hata moja iliyoharibika kwa sababu ya tarehe. Hata hivyo, zilikuwa zimekwisha hukumiwa. Wenye nazo walitakiwa kuhamia Windows 11, na wale ambao mashine zao zilikataliwa walishauriwa kununua nyingine.

Wapo wanaoliita jambo hili maendeleo. Yafaa ieleweke kwamba maendeleo ni kumpa mtu chombo kilicho bora, akakipokea kwa hiari yake. Kumlazimisha mtu atupe chombo kizima, ili muuzaji apate kuuza kingine, ni biashara, na si biashara ya haki.

Tazama masharti yenyewe. Windows 11, iliyotoka Oktoba 5, 2021, huhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu. Lakini hudai pia kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache. Prosesa hizo zilianza kuuzwa mwaka 2017. Kwa hiyo kompyuta ya mwaka 2016 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16, yaani mara nne ya kiwango, hukataliwa mlangoni, na ndogo yenye gigabaiti 4 hupita kwa kuwa ilizaliwa baadaye.

Watetezi wa masharti haya husema kwamba shabaha ni usalama. Ni kweli kwamba TPM hulinda funguo za siri zinazofunga kumbukumbu za mtu, na hoja hiyo haiwezi kudharauliwa. Lakini kama usalama ndio shabaha, ni usalama gani huo unaoziacha mamilioni ya mashine bila kinga? Tena kinga yenyewe haikukosekana. Masahihisho yaliendelea kutengenezwa. Kwa mtu binafsi yaliuzwa dola 30 kwa mwaka mmoja, au alipewa bila fedha endapo angekubali kuhifadhi mipangilio yake kupitia akaunti ya kampuni hiyo. Kwa mashirika bei ilikuwa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, nayo hurudufiwa kila mwaka, hata kufikia jumla ya dola 427 kwa miaka mitatu. Huko Ulaya, watetezi wa walaji walipopiga kelele, watu binafsi walilegezewa masharti. Ni dhahiri basi kwamba uwezo ulikuwapo. Kilichopungua ni nia.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema kwamba fundi aliyejenga ukuta wenye ufa amtoze mwenye nyumba kila mwaka kwa kuuziba. Kasoro inayomfungulia mwizi mlango wa kompyuta si kosa la mnunuzi. Ilikuwamo ndani ya bidhaa tangu siku ilipouzwa.

Wapo pia wanaosema kwamba dawa ni kukaa kimya na kuendelea na toleo la zamani bila masahihisho. Hao nao wanapotoka. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea katika nchi zipatazo 150 na kuvuruga kazi za hospitali nyingi za Uingereza. Sahihisho la kukizuia lilikuwa limetolewa tangu Machi mwaka huo. Walioumia ni wale ambao hawakuwa nalo. Tukio hilo lilithibitisha jambo la pili pia. Windows XP ilikuwa imeachwa tangu Aprili 8, 2014, lakini moto ulipowaka sahihisho lake lilitolewa kwa wote. Basi programu ya zamani huweza kutibiwa pale mwenyewe anapotaka.

Katika Afrika ya Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee, kwani kompyuta nyingi huingia zikiwa zimekwisha tumika Ulaya na Marekani. Mashine inayokataliwa huko huuzwa huku kwa bei nafuu, na mwalimu au karani anayeinunua kwa akiba yake hununua pamoja nayo hatari asiyoiona. Ikishindikana kabisa, hugeuka taka yenye sumu. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa vizuri haikufika hata robo.

Njia nyingine ipo. Linux hutolewa bure na huendesha vyema mashine nyingi zilizokataliwa. Wala Kiswahili si kizuizi: mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Ni kweli kwamba kuhama kunataka mafunzo, na baadhi ya programu za uhasibu hazikubali Linux. Lakini shule na ofisi ambazo kazi yake ni barua na majedwali hazina sababu ya kuogopa.

Yawapasa wanunuzi wakubwa, serikali zikiwa mbele, kukataa kununua kompyuta yoyote ambayo muuzaji hakutamka kwa maandishi itatunzwa hadi mwaka gani. Na yazipasa sheria kudai kwamba kasoro za usalama zizibwe bila malipo maadamu mashine zingali zinafanya kazi mikononi mwa watu. Aliyelipia chombo ndiye mwenye haki ya kuamua siku ya kukizika.