USIMWAMBIE MTU WA EPZ KWAMBA SOTE TUNA SAA 24



Leo nina neno kwa wahubiri wenzangu wa Athi River. Na ninyi wa EPZ msikilize pia.

Kuna hubiri limezoeleka: sote tumepewa saa 24, ukibaki nyuma ni kwa sababu hujajipanga. Linapigiwa makofi sana. Lakini mwambie hilo dada anayetoka Kitengela kwa miguu kukiwa bado giza, ashinde kwenye mashini akishona mshono ule ule wa suruali itakayovaliwa Marekani, supavaisa akihesabu vipande. Saa nane kwa siku sita ni saa 48. Ongeza ovataimu. Ongeza njia, kupika, kufua, watoto. Zinabaki ngapi?

Soma Kutoka 5. Waisraeli walinyimwa nyasi, lakini tageti ya matofali haikupunguzwa. Walipoomba nafasi ya kwenda kumwabudu Mungu wao, Farao akawaita wavivu. Mhubiri, angalia usihubiri kwa sauti ya Farao!

Sasa niseme linalouma. Saa chache zilizobaki zinaliwa na nani? Mara nyingi ni kanisa. Ibada inatangazwa saa tatu, inaanza saa nne na nusu. Kesha la katikati ya wiki linaisha alfajiri, na muda mfupi baadaye mtu yuko mbele ya sindano inayokimbia. Akisinzia, sindano haiulizi kama alikuwa kwenye maombi. Akipewa barua ya onyo, kanisa halitajwi humo. Halafu asipokuja Jumatano tunasema amepoa kiroho!

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Mungu aliiagiza kabla ya serikali yoyote. Tusiimalize kwa vikao.

Utaniambia, "Pasta, Yesu alikesha." Ndiyo, alikesha. Pia alilala chomboni dhoruba ikivuma. Na Eliya alipochoka hakuitiwa kesha. Alipewa mkate, maji na usingizi, mara mbili, ndipo akatembea siku 40 (1 Wafalme 19).

Sisemi usijipange, mpendwa. Waefeso 5:16 inatuagiza kuukomboa wakati, na kinachokombolewa ni kile kilichotekwa. Kwa hiyo zilinde saa zako chache:

Jumapili jioni andika mambo matatu tu ya wiki: moja la nyumba, moja la pesa, moja la kesho yako.

Chemsha maharagwe ya siku tatu mara moja.

Andika kila saa ya ovataimu kwenye daftari, ulinganishe na hati ya mshahara. Ya siku ya kazi hulipwa mara moja na nusu.

Lala. Dakika 15 za maombi ukiwa macho ni bora kuliko saa tano za kusinzia.

Nasi wachungaji tuanze saa tuliyotangaza, tumalize saa tuliyoahidi. Kesha liwe usiku wa kuamkia siku ya mapumziko. Kama hatuwezi kutunza saa mbili za mtu, tusimfundishe kutunza 24.

Uko EPZ? Andika hapo chini shifti yako inaisha saa ngapi. Ushirika wa katikati ya wiki tutaupanga kwa saa zako. Mungu wa Yakobo akupe nguvu kwenye laini yako kesho.

Nani anasema AMINA?