Staa Akirudi Darasani Mnamcheka, Akiumizwa na Mkataba Mnalia Naye

Kuna neno moja mchezaji aliyestaafu akilisikia mtaani linamkata maini: "Jamaa kafulia." Haijalishi anafanya nini. Akifungua genge, kafulia. Akiendesha bodaboda, kafulia. Na akionekana asubuhi na begi mgongoni anaenda kukaa darasani na madogo wa miaka 19, hapo ndo kabisa. Picha inapigwa kwa siri, inarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, watu wanacheka mpaka jioni.

Sasa hili liongelewe kwa ukweli, na liongelewe Kigoma, maana linaihusu Kigoma kuliko mikoa mingi.

Hapa mwisho wa reli kipaji hakitafutwi kwa tochi. Pita jioni Ujiji, Mwanga, Gungu au Kibirizi, utakuta madogo wako uwanjani, wengine peku, wanapiga mpira mpaka giza linaingia. Mkoa huu ndo uliomtoa Juma Kaseja, yule aliyekuwa golini Simba ilipomvua ubingwa Zamalek mwaka 2003. Uwanja wa Lake Tanganyika ulibeba fainali ya Kombe la Shirikisho Julai 2021, Simba akamfunga Yanga 1-0 kwa goli la Taddeo Lwanga. Mwaka 2023 Mashujaa wakapanda Ligi Kuu na mji ukaanza kuziona timu kubwa nyumbani. Miguu ipo. Shida haijawahi kuwa miguu.

Shida ni karatasi.

Mchukue dogo yeyote wa Ujiji, jina halina haja maana wako wengi. Ana miaka 16, yuko kidato cha pili, mama yake anaanika dagaa ufukweni. Siku moja anakuja mtu kavaa vizuri, anasema kuna timu mjini inamtaka. Karatasi zinatolewa, kurasa kama sita hivi, nyingine Kiingereza kitupu. "Saini hapa, na hapa, na hapa." Dogo anasaini. Mjomba anasaini kama shahidi. Nakala haibaki nyumbani, inabaki picha ya kupeana mkono tu. Shule inaishia hapo.

Hakuna aliyemwambia mama kwamba Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka anayeingia mkataba awe amefikisha utu uzima, yaani miaka 18 hapa kwetu. Hakuna aliyemwambia kwamba kanuni za FIFA hazimruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kufungwa zaidi ya miaka 3, na hata mkubwa mwisho ni miaka 5. Hakuna aliyemwambia kwamba klabu isipolipa mishahara ya miezi 2, mchezaji anaiandikia barua, anaipa siku 15, na isipolipa ana haki ya kuvunja mkataba. Hayo yote yapo, yameandikwa. Ila aliyeyasoma kakaa upande mmoja tu wa meza. Klabu ina mwanasheria wake. Dogo ana mjomba.

Na msidhani wakubwa wamepona. Mwaka 2020 Bernard Morrison alitimkia Simba, Yanga wakasema bado ana mkataba nao. Likafika mpaka mahakama ya michezo CAS kule Uswisi, na Morrison akashinda Novemba 2021. Zaidi ya mwaka mzima watu wazima wanabishania karatasi! Halafu likaja la Feisal Salum. Desemba 2022 Fei Toto aliirudishia Yanga shilingi milioni 112 akiamini kashavunja mkataba. Kamati ya TFF ikasema hapana, wewe bado ni wa Yanga. Kijana akakaa nje miezi, ikafika mahali Rais Samia mwenyewe akawaomba Yanga walimalize, ndo akaenda Azam katikati ya 2023. Kama Fei, na jina lote lile, alikaa benchi la nyumbani kwa sababu ya vifungu, dogo wa Ujiji asiyejulikana atamlilia nani?

Ndo maana mchezaji anayerudi kusoma sheria si wa kuchekwa.

Muangalie Stuart Ripley wa Uingereza. Huyu si mchezaji wa mchangani. Alikuwa winga wa Blackburn Rovers iliyobeba ubingwa wa Ligi Kuu ya England mwaka 1995, kaichezea mpaka timu ya taifa. Alipotundika njumu akaingia darasani, Chuo Kikuu cha Central Lancashire, akasoma sheria. Mwaka 2010 akafuzu uwakili. Medali ya ubingwa anayo, na shahada anayo.

Au Gareth Farrelly, mtoto wa Ireland. Mei 1998 aliifungia Everton goli lililoibakiza Ligi Kuu siku ya mwisho kabisa. Baadaye, akiwa kocha kwao, akaingia kwenye mgogoro wa mkataba na klabu yake. Wengi wetu tungeishia kulalamika redioni. Yeye akaenda kusoma sheria, leo ni mwanasheria. Kilichomuumiza ndicho alichokisomea.

Na msiseme hizo ni habari za wazungu. Leodegar Tenga alikuwa nahodha wa Taifa Stars iliyokwenda Mataifa ya Afrika kule Nigeria mwaka 1980, mara ya kwanza kwa Tanzania. Huyo huyo ni mhandisi msomi, na baadaye akawa rais wa TFF kuanzia 2004 mpaka 2013. Si sheria, sawa, lakini jibu ni lile lile: kitabu na mpira havijawahi kugombana. Watu ndo wanavigombanisha.

Kuna watakaosema, "Nyie hamjui njaa. Dogo akipata laki tatu za kusaini leo, mama anakula leo. Shule inalipa lini?" Hoja hiyo ina uzito, isidharauliwe. Nyumba yenye njaa haisubiri cheti. Lakini piga hesabu. Mchezaji akibahatika sana anacheza mpaka miaka 35. Goti likigoma, 24 tu kamaliza. Baada ya hapo ana miaka mingine 30 au 40 ya kula, kulipa kodi na kusomesha watoto. Laki tatu za kusaini zitafika wapi?

Na njia ya kurudi haijazibwa. Aliyeishia kidato cha pili kuna mtihani wa QT, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akifika kidato cha sita na alama zikikubali, Chuo Kikuu Huria kinafundisha sheria, na kina kituo hapa hapa Kigoma. Huhitaji kuacha mazoezi, maana ni masomo ya mbali. Baada ya shahada ni mafunzo ya uanasheria kwa vitendo pale Dar, halafu kuapishwa na Jaji Mkuu. Ni safari ndefu, tena ya jasho. Ila mtu aliyewahi kukimbia mazoezi ya asubuhi bila chai hatishiki na safari ndefu.

Sio kila mchezaji awe wakili, hapana. Kigoma ikipata hata mmoja inatosha kuanzia. Mmoja aliyewahi kukaa chumba cha kubadilishia nguo, anayejua mshahara ukichelewa inavyouma, na anayejua kifungu gani kinafichwa ukurasa wa tano. Wakili wa kawaida atausoma mkataba. Huyu atausoma huku anakumbuka.

Mpaka apatikane, wazazi wakatae saini ya papo hapo. Karatasi ilale nyumbani hata siku 3, isomwe na mtu asiyelipwa na klabu, na nakala ibaki kabatini kwa mama. Timu ya kweli haitakimbia kwa sababu hiyo. Anayekimbia kaonyesha alichokuja nacho.

Na yule jamaa mwenye begi mgongoni, aachwe asome. Siku moja dogo wa Ujiji atawekewa karatasi mezani, na upande wake atakaa mtu aliyewahi kuvaa njumu pale Lake Tanganyika. Atavaa miwani yake, atasoma mpaka mwisho, halafu atasema, "Kifungu hiki kitoke, ndo tusaini."

Siku hiyo nani atakuwa kafulia?

Wewe mdau unaonaje: dogo mwenye kipaji amalize shule kwanza au mpira hausubiri? Shusha maoni yako, matusi hapana.