UKUMBI WA WAZAZI: Theluji Haipakwi Rangi



Likizo ya shule inapofika, na jua la Mudhaibi likawa kali hata watoto hawawezi kutoka kabla ya alasiri, wazazi wengi hununua vitabu vya kutia rangi pamoja na pakiti ya kalamu za wino, zile tuziitazo maka. Ukivifunua vitabu hivyo, mara kwa mara utakutana na theluji: nyumba zenye mapaa yaliyoinama, misonobari, na sanamu ya theluji iliyovishwa skafu. Mtoto aliyezaliwa baina ya milima ya Hajar na mchanga wa Sharqiya huzijaza picha hizo bila ya kujua ni kitu gani anachokipaka. Mwezi huu tumeona tuizungumze kazi hii ndogo, kwani ndani yake mna mafunzo mawili: la mkono na la ulimi.

Tuanze na la mkono. Mtoto akiambiwa apake theluji, huuliza rangi nyeupe iko wapi. Katika pakiti ya maka kwa kawaida haimo, kwa sababu wino wake hupenya karatasi wala haufuniki kilicho chini. Basi weupe wa theluji ni karatasi yenyewe iliyoachwa. Mfundisheni azungushe kwanza kwa penseli mahali pasipoguswa, kisha aanze na rangi hafifu na kumalizia na nzito, nyeusi ikiwa ya mwisho. Asubiri wino ukauke kabla ya kuongeza rangi ya pili, la sivyo zitachanganyika na karatasi itachubuka. Kivuli kilicho juu ya theluji asikipake cheusi, bali samawati. Kwani penye kivuli jua halifiki, lakini nuru ya mbingu hufika. Peni ya kawaida nayo ina kazi yake: matawi, miamba na nyufa za barafu, ambavyo ncha nene ya maka haiviwezi.

Ama funzo la ulimi, ni hili. Shuleni mtoto hujifunza neno la Kiarabu *thalj*, ambalo ni la barafu ya gilasini na la theluji ya mlimani pia. Sisi tuna maneno mawili, barafu na theluji, na hili la pili limetoka katika neno hilo hilo la Kiarabu. Mtoto asipoyasikia nyumbani, atayasikia wapi? Na akidhani kwamba theluji ni mali ya Ulaya peke yake, tumwambie kwamba hata hapa Oman, juu ya Jabal Shams, huanguka miaka mingine. Na kwamba katika nchi walikotoka bibi na babu zake umo mlima wenye barafu, karibu digrii 3 tu kusini mwa Ikweta.

Mwezi wa Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Mmoja wa waongozaji wake aliuita kwa neno moja tu: baridi. Rebmann alipoandika kwamba ni theluji, mtaalamu wa jiografia wa London, W. D. Cooley, alimkanusha, naye hajapata kuuona mlima huo. Miaka ya 1860 msafara wa Karl Klaus von der Decken ulithibitisha kwamba habari ile ilikuwa ya kweli.

Hivi sasa weupe huo unaondoka. Baina ya 1912 na 2000, kiasi cha sehemu nne katika tano za barafu ya Kilimanjaro zilitoweka, na mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu iliyobaki huenda isivuke mwaka 2050. Watoto wetu wanaopaka rangi leo watakuwa watu wazima wenye watoto wao wakati huo.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi: kitabu kikimalizika, chukueni karatasi nyeupe muwachoree mlima wetu. Chini migomba na mibuni, ya kijani kibichi. Juu yake msitu, wa kijani cheusi. Kisha jangwa la mawe, la hudhurungi. Mawenzi yenye meno upande mmoja, na Kibo yenye kichwa bapa upande wa pili. Kileleni wasipake kitu, ila mstari mwembamba wa samawati. Wakiuliza kwa nini pameachwa wazi, hapo ndipo pa kukaa nao na kuwasimulia, kwa Kiswahili.