Jina la Engler, Pua ya Islii

Neno la mhariri

Tangu tutangaze kwamba toleo hili litakuwa la miti na majina yake, barua zimemiminika mezani, na karibu zote zinaimba wimbo mmoja: majina ya Wajerumani yafutwe. Volkensii, hildebrandtii, holstii, engleri, yote yang'olewe. Msomaji mmoja anataka mukau wa Ukambani usiitwe tena Melia volkensii hata katika kurasa zetu. Nimezisoma zote. Zimenichosha, na nitasema kwa nini, ingawa najua nafasi nitakayokula hapa ilikuwa haki ya makala kadhaa zilizostahili utangulizi wa heshima.

Moto huu najua ulikowashwa. Julai 2024, mkutano wa kimataifa wa botania uliofanyika Madrid uliamua kwamba kuanzia 2026 kila jina lenye neno "caffra" liandikwe "affra". Zaidi ya spishi 200 za mimea, kuvu na mwani ziliguswa. Ningekuwa na kura, ningeipiga upande huo bila kusita. Tusi ni tusi, liwe kwa Kizungu au kwa Kilatini. Ila Volkens hakuwa tusi. Alikuwa mtu aliyekaa Kilimanjaro miaka ya mwanzo ya 1890 akikusanya mimea chini ya bendera ya dola iliyokuwa ikiwatandika wenyeji viboko, na hilo la mwisho ndilo linalopaswa kuandikwa kwa kina. Kufuta jina lake hakuliandiki. Kunalifunika.

Isitoshe, majina haya hufa yenyewe bila maandamano. Makala ya pili ya toleo hili inasimulia ua la Usambara ambalo Hermann Wendland wa Hannover aliliita Saintpaulia mwaka 1893, kwa heshima ya afisa wa kikoloni, Baroni Walter von Saint Paul-Illaire. Dunia nzima imelipanda dirishani. Mwaka 2015 wataalamu wa vinasaba walionyesha kwamba jenasi hiyo haina sababu ya kusimama peke yake, wakaiingiza ndani ya Streptocarpus. Baroni wetu kaondoka kwenye kitabu na hakuna mwanaharakati aliyetoa jasho. Kama shabaha ni kufuta majina, basi tukae kivulini, maabara zitatufutia.

Au chukueni muthiga, ambao magome yake yanauzwa kwa wagonjwa wa kifua kila kona ya Eastlands. Jenasi yake, Warburgia, aliitoa Adolf Engler mwaka 1895 kumuenzi mwenzake Otto Warburg, mtaalamu aliyejipatia sifa kwa mimea ya Asia. Muuza dawa wa Gikomba hajawahi kumsikia, wala mteja wake, na dawa inanyweka vilevile. Jina la kitabuni ni kigingi tu. Mimi nauliza habari za ng'ombe.

Nimeshamtaja Engler, na hapo ndipo nilipotaka kufika. Mnamfahamu, kwa hiyo sitamsimulia tangu Sagan alikozaliwa 1844 hadi Berlin alikofariki 1930, baada ya kuiongoza bustani ya mimea ya jiji hilo kuanzia 1889 hadi 1921. Nataka mwaka mmoja tu, 1883. Engler alikuwa profesa Kiel, umri miaka 39, na alikuwa hajakanyaga Afrika Mashariki. Usambara angeiona 1902, mvi zimeshamjaa. Mwaka huo alichapisha, ndani ya mfululizo wa akina De Candolle, kazi yake kuhusu familia ya miti ya ubani na manemane. Humo ndimo zinamopatikana Commiphora myrrha, Commiphora kataf, Commiphora erythraea na Commiphora africana, kila moja ikiwa na jina lake Engler mkiani hadi leo. Spishi hizo wengine walikuwa wameshazitaja, akiwemo Forsskål aliyefia Yemen mwaka 1763 na aliyekuwa na adabu ya kuchukua neno "kataf" kutoka kwa Waarabu wenyewe. Engler alizihamisha, akazipanga, na mpango wake ukashika.

Sasa fikirieni alikuwa na nini mkononi. Miti hii inatawala nyika kuanzia Kitui hadi Pembe ya Afrika, na ni miti yenye hila. Sehemu kubwa ya mwaka inasimama bila jani hata moja. Maua mara nyingi hutangulia majani, kwa hiyo ukiyapata haya unayakosa yale. Jike na dume ni miti mbalimbali. Mtu akikata tawi Januari akalipeleka Ulaya, kinachofika ni kijiti chenye miiba. Kwa vijiti vya namna hiyo Engler, katika miaka yake ya Berlin, aliendelea kutoa spishi mpya moja baada ya nyingine, na baadhi zilikuwa mti uleule katika misimu tofauti. Jan Gillett, aliyefanya kazi hapa Nairobi, alipoiandika familia hiyo kwa ajili ya Flora kuu ya Afrika Mashariki, kitabu kikatoka 1991, sehemu nzuri ya kazi yake ilikuwa kuyaunganisha majina yaliyotawanywa.

Sasa toka maktabani, ufike Islii, upande ngazi za jengo lolote la maduka upande wa Jam Street. Wapite wauza mapazia, wapite wauza simu, na nyuma kabisa utawakuta akina mama wa unsi, ule uvumba wa Kisomali. Mmoja wao, ambaye ameomba jina lake tusilichapishe, anaweka mikebe mitatu chini ya kaunta: wa malmal, wa hadi na wa hagar. Gunia likifika kutoka Mandera limeandikwa manemane tu, naye hulimwaga mkekani na kulichambua punje kwa punje. Kwanza huvunja. Malmal ikivunjika huonyesha alama nyeupe nyeupe ndani, na akitia shaka huigusisha ulimi: uchungu ukishika, mjadala umekwisha. Hadi haina haja ya kulambwa, utamu wa harufu yake humfikia kabla ya kipande chenyewe. Hagar huitenga mbali, kwa kuwa harufu yake nzito huiharibu sukari na manukato ya unsi, na wanaoiulizia ni wenye mifugo wanaotaka kuulia kupe. Mikebe mitatu, bei tatu, miti mitatu. Nilimwona akimrudishia dalali konzi nzima iliyokuwa imepenyezwa kwenye malmal, bila hata kuinua sauti. Dalali hakubisha.

Sayansi ilibisha kwa miongo mingi. Hadi, ambayo wafanyabiashara wa Bombay waliiita bissabol, ilikuwa ikisomeshwa vitabuni kwamba inatoka kwenye Commiphora erythraea, ile ya Engler. Kitabu kilinakili kitabu. Ilifika 1991 ndipo Mats Thulin na Per Claeson wa Sweden walipochapisha kwamba sivyo: mti wenyewe ni Commiphora guidottii, spishi iliyopewa jina na Mwitaliano Chiovenda. Walifikaje huko? Pamoja na kemia, walifuata jambo ambalo kila mchunaji wa Kisomali angewaonyesha kwa kidole, yaani mti unaoitwa hadi ndio unaotoa hadi. Hiyo ndiyo kashfa yangu, wandugu. Mnahangaika kwamba mti una jina la Mjerumani. Mimi nahangaika kwamba dunia ilikuwa inautazama mti mwingine kabisa, na waliokuwa na jibu hawakuulizwa.

Wapo watakaosema ushahidi umefungiwa Berlin. Ungalikuwa umefungiwa, tungalikwenda kuudai. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Machi 1943 mabomu ya Waingereza yaliliangukia jengo la mimea mikavu la Dahlem. Mkusanyo huo ulikuwa na sampuli karibu milioni 4, na nyingi zikaungua, zikiwemo sampuli mama ambazo juu yake Engler alikuwa amesimamisha majina ya mimea yetu. Vijiti alivyovikusanya Mjerumani Hildebrandt katika pwani ya Wasomali na Ukambani miaka ya 1870, kabla hajafa Madagaska mwaka 1881 bila kufikisha miaka 35, vimebaki pale tu ambapo nakala ziligawiwa majumba mengine. Majina yakabaki, vijiti vikawa majivu. Kila nikisoma barua inayodai majina yafutwe na sampuli zirudishwe, natamani kumuuliza mwandishi nini hasa kirudi.

Kipo kilichobaki karibu zaidi. Mkusanyo ulioanzishwa na Wajerumani Amani, Usambara, mwaka 1902, ndio uliohamishiwa Nairobi mwaka 1950, na leo uko Museum Hill, ndani ya eneo la Makumbusho ya Taifa. Kutoka Islii ni matatu ya namba 6 au 9 hadi mjini, kisha nyingine ya kuelekea Westlands. Ni umbali wa nusu saa ikiwa Pangani hakuna msongamano, na hapo nimekuwa mkarimu. Nataka daraja kati ya mahali hapo pawili. Kila aina ya utomvu inayouzwa Islii iwe na kipande chake na tawi la mti wake Museum Hill, na kwenye lebo liandikwe jina analolitumia mchunaji, jina la muuzaji, mahali lilikotoka gunia, na mtu aliyeutambua mti. Lebo za Hildebrandt zina Hildebrandt na namba. Hakutembea peke yake nyikani, lakini waliomwonyesha njia wamepotea kwenye kumbukumbu na hatutawapata tena. Wa leo wapo, wana simu, na wengine wao wanajibu ujumbe wa WhatsApp haraka kuliko wanakamati wetu.

Pingamizi moja nalichukulia kwa uzito. Mama yule wa mikebe mitatu aliponisikia alicheka, akauliza faida itakuwa ya nani siku mnunuzi wa Guangzhou atakapojua kuitofautisha hadi kama yeye. Swali zuri kuliko yote niliyoyapata kwenye barua. Jibu langu ni kwamba mapishi ya unsi abaki nayo, hakuna anayeyaomba. Tunachotaka ni tawi na jina. Pia ipo Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016, inayozipa kaunti jukumu la kuweka rejista. Maarifa ya manemane yaandikishwe humo, Mandera na Wajir wakitangulia kwa kuwa miti ni yao, Nairobi ikifuata kwa kuwa soko ni lake. Wanasheria wetu wa kujitolea, ambao kila mkutano wana maoni kuhusu majina ya Kilatini, wangeniletea rasimu ya maombi hayo ningewanunulia chakula cha mchana, ngamia na ndizi juu.

Sasa makala zenyewe. Ya kwanza, kuhusu Hildebrandt huko Kitui mwaka 1877, ni ya kusomwa taratibu. Mwandishi anampenda mno mtu wake, lakini ramani zake ni safi. Ya Saintpaulia nimeshaigusa. Ya tatu inaichambua Amani kama shamba la majaribio ya kikoloni, na ina hasira inayostahili. Ya miraa ni fupi, na inatukumbusha kwamba Catha ilitokana na neno la Kiarabu kupitia mikono ya Forsskål yuleyule. Ya tano inahusu maydi, ule ubani wa kutafuna unaouzwa kwenye sinia karibu na kila msikiti wa First Avenue: kitabuni ni Boswellia frereana, jina lililotolewa mwaka 1870 na George Birdwood kwa heshima ya Bartle Frere, yuleyule wa Freretown kule Mombasa. Watetezi wa kufuta majina watafurahi nayo. Kuna mashairi mawili, na kuna mjadala wa kurasa kumi na mbili juu ya Acacia na Vachellia ambao nimeuchapisha kwa sababu ya shinikizo.

Wanaotaka kuchangia matawi wafuate utaratibu. Tawi likaushwe katikati ya magazeti, yabadilishwe kila siku hadi liwe kavu kabisa. Lisifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, ambao hata hivyo umepigwa marufuku tangu 2017. Mti uwekewe alama ya rangi shinani, kwa sababu utaurudia: safari ya kwanza kwa maua, ya pili kwa majani. Utomvu uchunwe kwenye shina hilohilo, si wa kununua. Mvua za vuli zikinyesha Mandera miti hiyo huvaa majani kwa muda mfupi sana, kwa hiyo mwenye safari ya Oktoba aje ofisini mapema achukue magazeti.