Mkaa wa Ikungi, Jiko la Dar

Safu ya kila wiki, na Hadija Ntandu

Wapo wanaosema Tanzania haidaiwi kitu katika suala la hewa ukaa, na hoja wanayo. Mmarekani mmoja, kwa wastani, anatoa zaidi ya tani 13 kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Januari 2025 Marekani ilitangaza kujitoa tena kwenye Mkataba wa Paris, na hakuna aliyeizuia. Wanaodai haki kwenye mikutano ya dunia niko upande wao.

Ila hesabu hiyo haijagusa misitu, na kwetu sehemu kubwa ya hewa ukaa inatoka huko: miti inayofyekwa kwa ajili ya mashamba, alizeti yetu ikiwemo, na inayochomwa mkaa. Mwaka 2021 Serikali iliahidi kwamba ifikapo 2030 itakuwa imepunguza asilimia 30 hadi 35 ya hewa ukaa ambayo nchi ingetoa kama hatua zisingechukuliwa. Ahadi ni ya taifa zima. Mzigo wake tunaanza kumtwisha nani?

Pita barabara ya Manyoni kuja Singida, vipande vya Issuna na Ikungi. Magunia ya mkaa yamesimama kando ya lami, yamejazwa lumbesa, vichwa vimefunikwa majani na kushonwa kwa kamba. Tanuri la udongo likishiba kilo 100 za kuni linarudisha kilo 10 mpaka 20 tu za mkaa. Nyingine zote zimekwenda na moshi. Na mkaa huo haupikii ugali wa uwele wa Ikungi. Mama wa kijijini hapa anapikia mafiga na matawi makavu aliyookota mwenyewe. Magunia yanapanda lori kwenda mjini. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba karibu nusu ya mkaa wote wa nchi unaishia Dar es Salaam.

Msako ukija, anayekamatwa ni kijana wa tanuri, mwenye shoka na baiskeli. Mvua ya kwetu ni ya msimu mmoja, ikikata mapema shamba halimpi kitu, na gunia ndilo linalolipa ada ya mtoto. Kumnyang'anya gunia bila kugusa jiko la mjini ni uonevu, na msitu hauponi, kwa sababu kesho mwenzake atawasha tanuri jingine.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote. Ila kugawa mitungi ya kilo sita vijijini, halafu mtu akose hela ya kujaza gesi ikiisha, ni kuhamisha mtungi kutoka dukani kwenda uvunguni. Waanze na miji, ambako umeme upo na mauzo ya gesi yapo, na bei ya kujaza mtungi ishuke mpaka ishindane na kopo la mkaa. Ushuru wa mkaa unaoingia mjini upande, na sehemu yake irudi kwenye serikali za vijiji vinavyotunza misitu, ikalipe walinzi, mizinga ya nyuki na miche. Bajeti inasomwa Juni. Wabunge wa Singida walisimamie hili kabla haijapitishwa.